Vitanda Vyetu Havikwenda Hotelini

Siku yangu ya kwanza karakanani, Baba hakunikaribisha kitandani. Msicheke nyinyi vijana: kitanda cha mfumi ni kile chombo cha mbao cha kufumia. Aliniketisha sakafuni nisokote matamvua ya vikoi, kazi ya wanawake. Msimamizi, Bwana Athman, akanitupia jicho. "Bi Zena, hapa tunasokota, hatupigi soga." Nikanyamaza, na mimi kunyamaza kwanishinda kuliko kazi yoyote.

Nikapanda kwenye rangi, kisha kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotangulia kutegwa. Kufuma kwenyewe nilijifunza kwa ujeuri. Wanaume wakienda msikitini Ijumaa, mimi huyo, nimekalia kitanda. Baba aliponikuta, alikitazama kitambaa kabla ya kunitazama mimi. "Kaza mkono," akasema, akaenda zake. Tangu siku hiyo nikawa mfumaji, na asiyependa shauri yake.

Alipofariki, alituachia vitanda vinne, mimi na kaka yangu Swaleh, mwenye duka hapa Amu. Hata matanga hayajapoa, akaja meneja wa hoteli moja ya Shela, mtu wa bara, mpole, fundi wa maneno. Hakutaka vikoi. Alitaka vitanda vyenyewe, avipange ukumbini wageni wapige picha.

"Mama, huu ni urithi. Watu wauone."

"Urithi wetu unafanya kazi, Bwana. Ukitaka maiti, makaburini ni ndia ile."

Lakini Swaleh alikubali kuuza. Fungu lake katika mirathi lilikuwa kubwa kuliko langu, na yeye ndiye mkubwa. Wallahi, niliumia. Nilibaki na desturi moja tu ya nyumba yetu: vikoi vikikamilika tunavitoa, lakini kitanda hakihamishwi kikiwa bado kina nyuzi.

"Basi," Swaleh akasema, "nyuzi zilizomo zikiisha, vinakwenda Shela."

"Inshallah," nikamjibu.

Sasa sikilizeni. Mtande ukikaribia mwisho, mfumaji aweza kuuacha uishe, atege mwingine. Au aweza kufunga kila uzi mkuukuu kwa uzi mpya, mmoja mmoja, mamia kwa mamia, na kitanda kisibaki kitupu hata siku moja. Kazi hiyo huvunja mgongo. Mimi na mafundi wangu tuliifanya, mtande baada ya mtande.

Swaleh hakukosa kupita. "Hazijaisha tu?"

"Bado, kaka."

Meneja alikuja, akarudi, akaja tena, mwisho akahamishwa. Aliyemfuata akaagiza vikoi, na mpaka leo hoteli ile tunaivisha sisi.

Mwaka huu magoti yamekataa, nikamkabidhi binti yangu karakana. Swaleh alikuja na bakora yake. Akainama juu ya mtande, akapapasa pale nyuzi zilipoungwa. Nikamsogelea.

"Kaka, nita…"

"Utaniambia nini? Kwani mimi si mtoto wa mfumaji? Nililijua tangu mtande wa kwanza."

"Yalaa! Na kuniuliza kote kule?"

"Nilikuwa nimeshampa yule bwana neno langu, Zena, na siku ile ile nikajuta. Kulirudisha sikuweza. Kila nikipita hapa nilikuwa naomba Mungu uniambie bado."

Nikalia mbele ya mafundi wote, mimi niliyejiona mjanja wa Amu nzima.