Donge la Buluu

Kaka yangu walimwita Buluu, maana mikono yake haikuwahi kurudia rangi aliyozaliwa nayo. Alikuwa fundi wa kupika rangi katika kiwanda cha nguo, nami mbeba majora hapo hapo. Nikifumba macho bado nauona mvuke wa yale mapipa, na kaka akichota poda ya rangi kwa vidole, akiionja kwa ulimi kama mpishi aonjavyo chumvi. Shemeji alilalamika kwamba hata foronya zake zimegeuka samawati. Kaka akamwambia wenzake wanayatafuta hayo mapambo hawayapati.

Wafanyakazi walipoanza kunong'ona kwamba ile poda ni sumu, kaka aliwatoa wasiwasi kwa namna yake. Alikanda donge la mkate, akalitia hamira na poda, akaliweka kando ya dirisha. Likaumuka, la buluu, limenona. Hamira ni kitu hai, alituambia, poda ingekuwa sumu ingeiua. Basi tukarudi kazini tukicheka.

Miaka ikaenda. Kaka akaanza kukojoa damu, na hospitalini wakaona ni saratani ya kibofu. Hata hapo alimsimulia daktari habari za donge lake. Daktari, mama mtu mzima, hakumcheka. Alimweleza kuwa poda yenyewe ni kama imelala. Ini ndilo huihangaikia, liibadili ipate kutoka na mkojo, na katika kuibadili huku huifanya kali. Ikifika kibofuni huharibu vinasaba ndani ya seli, na seli iliyoharibika huzaa nyingine zenye kosa lilelile.

"Hamira haina ini, baba," alisema. "Wewe unalo."

Kaka akaitazama mikono yake. Mwanawe alikuwa ameshapata kazi kwenye mapipa yaleyale, aanze Jumatatu.

Tulipotoka, akataka tupitie kiwandani. Wenzake wakamzunguka wakimtania kwamba Buluu siku hizi amepauka. Akawaambia donge lilimdanganya, naye akawadanganya wao. Kisha akamwita kijana wake, aliyekuwa amekuja kuchukua ovaroli.

"Humu huingii, mwanangu. Ninunie ukitaka, lakini huingii."

Kijana akanuna kweli, na nyumba ikapoa. Baadaye akaenda kujifunza useremala. Kiti chake cha kwanza kilichechemea mguu mmoja. Kaka, amekonda vile, alikikalia asubuhi nzima akikisifu, mpaka shemeji akaona haya kwa niaba ya kiti.