Kidude cha Nyanya Nilikifunga Sebuleni

Nichekeni tu, mimi nishajicheka. Shule niliiacha darasa la saba, lakini kidude cha kuangalia wazee nilikifunga kwa mikono yangu. Hakipigi picha wala hakimgusi mtu. Kinahisi kama kuna anayetembea au hakuna, kisha kinaniandikia kwenye simu. Nyanya yangu anaishi peke yake mtaa wa Bondeni. Jumapili nikakifunga sebuleni kwake, juu ya makochi, kila mgeni akione.

Jumatatu nikawatambia mahamali wenzangu tunaobeba mizigo godauni, Shimanzi. Saa nne simu ikalia: tangu alfajiri hakuna aliyetembea. Nikakimbia hadi kwake na wenzangu watatu, tukapiga hodi, hakuitika mtu. Tukaung'oa mlango.

Nyanya akatokea uani, redio yake ikivuma nyuma yake, mikono imejaa unga wa mahamri. Akautazama mlango ulio chini.

"Kidude kimesema hutembei," nikamwambia nikihema.

"Kiko wapi?"

Nikamwonyesha, kifua mbele.

Akawageukia wenzangu. "Wanangu, mimi na sebule wapi na wapi? Hapo hukaa wageni. Haya, piteni mkae."

Walipopita tu, simu ikalia mfukoni mwangu.

"Mwaona?" nikawaambia. "Chafanya kazi."