Chupa Iliyofunguliwa Jikoni

Watu wananisifu kwamba najua kununua. Sijui kama ni sifa kweli, au ni namna yao ya kusema kwamba nabana mkono. Wazazi wa kijana walipotuma habari kwamba wanakuja kujitambulisha kwa ajili ya binti yangu, dada yangu mkubwa alinionya mapema.

"Usiende kutafuta vitu vya bei chini. Wakijua, mutoto atachekwa huko kwao mupaka azeeke."

Nilikwenda hata hivyo. Karibu na mtaa wa Katindo kuna papa mmoja anayeuza vitu vilivyobaki katika nyumba za Wazungu waliohama: mafuta ya zeituni, biskuti, divai. Karatasi za chupa zilikuwa zimeloa na kubanduka, kwa hiyo divai ilikuwa kwa bei ya bia.

"Ni nzuri?" nikamuuliza.

"Mama, ni vino ya wenyewe. Wanakunywa wakikula nyama."

Sitasema alinidanganya. Alisema nzuri, na mimi sikuuliza nzuri kwa nani. Nikachukua mbili. Sokoni Murara nikapata fromaji, jibini ya Masisi, nzima, rahisi kwa sababu ilikuwa imebonyea upande mmoja. Ukianza kukata upande huo, hakuna anayejua.

Wageni walifika baada ya misa: muzee baba wa kijana, mke wake, na kijana mwenyewe. Ni watu wa milima ya Masisi, wapole, hawasemi haraka. Ndipo jikoni nikagundua kwamba chupa zina vizibo vya gome. Divai tuliyozoea kuiona ina kifuniko cha kuzungusha. Kile chuma cha kung'olea kizibo hatuna, na jirani hana. Niliona haya kuhangaika mbele ya wageni, nikakisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, nikapeleka chupa mezani nikiwa nimeridhika.

Hakuna aliyeigusa.

Kwetu kinywaji cha mgeni kinafunguliwa mbele ya macho yake. Watu wanaogopa sumu. Kama wana sababu au hawana, mimi si wa kuamua. Najua hilo tangu utoto, na ni mimi niliyeleta chupa wazi, haina jina, kitu kinaelea ndani. Ningekuwa mgeni, nisingekunywa pia.

"Mama," muzee akasema, "hii imefunguliwa wapi?"

"Jikoni, papa."

"Jikoni."

Mke wake akavuta mkoba wake karibu. Kijana akaangalia viatu. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, akiniangalia kwa macho ambayo sipendi kuyaeleza.

Mimi sinywi pombe. Nikajaza glasi, nikaimaliza. Ilikuwa chachu kuliko limau na ilikausha ulimi, lakini sikuweza kukunja uso, maana wangeelewa vibaya. Nikatabasamu. Labda tabasamu lenyewe lilitisha. Sikuwa na kioo.

Wakanitazama. Walinitazama muda wa kutosha dada yangu, aliyekaa nao, kusifu mvua, kisha kuilaumu.

Mwishowe muzee akajimiminia kidogo, akaonja, akakunja uso wote.

"Mama, hii imeharibika!"

"Hapana, papa, ndivyo ilivyo. Wazungu wanaipenda."

"Na wewe?"

"Hapana."

"Basi umekunywa ya nini?"

"Ili munywe."

Alicheka mpaka akakohoa. Akamgeukia kijana wake: "Mama-mukwe kama huyu, utamuweza?" Kijana akasema atajaribu. Mke wa muzee akaomba Fanta, akachanganya nusu kwa nusu, akasema sasa inanyweka. Fromaji, iliyokatwa mbele yao, iliisha.

"Lete ile ingine," muzee akasema. "Hiyo tunafungua hapa."

Akasukuma kizibo mwenyewe. Divai ikamrukia kwenye shati jeupe, na mke wake ndiye pekee aliyethubutu kucheka. Muzee akajipangusa, akakaa wima.

"Tuseme sasa kilichotuleta. Huyo mutoto wa mulangoni, muache aingie, akae."