Mgombea Wangu na Mgombea wa Mangi

Mimi nauza vitenge Kariakoo. Jirani yangu, Mchaga ambaye mtaa mzima tunamwita Mangi, anauza sufuria za jumla. Sote tulikuwa wajumbe wa mkutano mkuu wa chama chetu kidogo cha upinzani, na mwaka ule waliotaka tuwapitishe kugombea urais walikuwa wawili. Mmoja ni mama mwanasheria mstaafu, aliyeiandika ilani yetu, matibabu bure ikiwa ahadi ya kwanza. Akipanda jukwaani, watu wanaangalia simu. Wa pili ni bwana mwenye hospitali zake binafsi, kahamia kwetu juzi tu. Akipita Kariakoo, machinga wanaacha meza zao wamkimbilie.

"Dada, unataka usafi au unataka Ikulu?" Mangi aliniuliza.

"Nataka Ikulu, ila tukifika tukumbuke tumeendea nini. Huyo anauza vitanda vya wagonjwa! Ataahidi matibabu bure kwa mdomo upi?"

"Huo huo unaoshangiliwa."

Tulibishana wiki nzima. Mteja mmoja alikuja kununua kitenge, akaondoka na msimamo, kitenge kakiacha.

Siku ya kura, nikiwa na karatasi mkononi, maneno ya Mangi yakanijia: miaka yote tuko sahihi, na hata udiwani hatujawahi kupata. Nikampa mwenye hospitali. Nilitoka ukumbini kama mtu aliyeiba viatu msikitini.

Mangi alikuwa nje, kanywea. "Nimempa mama," akasema. "Maneno yako yaliniingia. Wewe je?"

Nilipomwambia, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Kumbe tungebaki madukani tu!"

Mwenye hospitali alipitishwa. Kwenye kampeni viwanja vilifurika. Matibabu bure yakawa matibabu nafuu, kisha yakawa kamati itakayoundwa. Akashindwa uchaguzi vibaya, akahama chama bendera zetu zikiwa bado hazijapauka. Ikulu tukaikosa, na usafi nao tukaukosa.

Kikao cha kwanza cha tawi baada ya hapo, mama mwanasheria alikuja.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nilisikia ulivyonipigania pale sokoni. Asante." Akamgeukia Mangi. "Na wewe nimekusamehe."

Mangi akanitazama, akamtazama mama. "Nashukuru sana, mama," akasema, na kuinamisha kichwa kwa adabu zote.

Tulipotoka nikamnunulia soda. Akachagua ya baridi kabisa, akaniambia nisiseme kitu.