Siku Niliyomfunga Farasi wa Kafili Kwenye Mkoko

Wasee, hii aibu nimeificha tangu likizo ya baridi, na ningeendelea kuificha kama video yake haingefika darasani kwetu, kwa hivyo afadhali muisikie kwangu kabla adui zangu hawajawasimulia (ninao, na wote wana simu nzuri).

Vijana wa kanisa letu hapa Abu Hamour tulienda kupiga kambi kule kaskazini, kwenye msitu wa mikoko, labda mahali pekee nchi hii ya Katari ambapo mti unaota bila mtu kuushikia mpira wa maji. Baba yangu ni dereva wa familia moja ya Kikatari, na kwa kuwa alikulia kwenye ranchi Laikipia, na farasi anawaelewa kuliko anavyonielewa mimi, kafili wake, yaani mwajiri anayetudhamini hapa nchini, alimwachia pia banda la farasi alitunze. Baba akaomba farasi wawili twende nao kambini, vijana wapande. Mzee alikubali, ila akamkumbusha kwamba yule jike mweupe, Ghazala, alikuwa wa marehemu mkewe, na akipatwa na lolote baba asije na maelezo. Baba alinirudia hayo njia nzima, nami nilielewa vizuri sana, maana kazi ya baba ndiyo viza yetu, ndiyo shule yangu, ndiyo kila kitu tunachokula.

Tulipofika akawafunga Ghazala na mwenzake juu mchangani, kando ya trela iliyowaleta, akaniambia niwaangalie yeye akikata nyama ya kuchoma. Hapo ndipo shetani wa picha aliponiingia. Katikati ya mikoko kulikuwa na mkondo mwembamba wa maji, mtulivu, umepinda vizuri kama mto, nikawaza nikipiga picha pale na farasi mweupe nitawatumia maboy wa nyumbani Nyahururu niwaambie shule imetupeleka Kanada (wangeamini, hao waliwahi kuamini nimekula ngamia mzima). Nikamshusha Ghazala hadi pale.

Kadzo, msichana wa Kilifi tunayeimba naye kwaya, aliniona.

"Huo si mto, ni bahari," akasema. "Saa hii imekupwa. Itarudi."

"Dadangu, sisi wa bara tumezaliwa mtoni. Mto haurudi, unaenda."

Nikamfunga farasi kwenye mkoko kwa fundo ambalo nyanya hutumia kufunga ng'ombe, lile ambalo ng'ombe akilivuta linazidi kukaza, kisha nikarudi kambini kuchukua simu, na kwa vile nyama ilikuwa imeanza kunukia na watu walitaka nimwigize mchungaji anavyotangaza sadaka, nikaigiza, nikaombwa tena, nikaigiza tena.

Niliporudi mto ulikuwa unapanda. Maji yalikuwa yamefika tumboni mwa Ghazala, kamba imelowa na fundo limekuwa jiwe, naye anavuta kichwa huku macho yamemtoka, hapigi hata kelele.

Nikaingia. Tope likachukua kiatu kimoja, likachukua cha pili, halafu nikajaribu kunyanyua mguu na suruali yangu (ile ya lastiki iliyolegea, ambayo mama alishaniambia niitupe) ikabaki huko chini. Nikaita msaada. Vijana wakaja wakasimama ukingoni, wakatoa simu, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu kila wiki huwa nawafanyia vituko na hiki walidhani ndicho cha wiki hiyo. Nilikuwa nimewazoesha hivyo mwenyewe. Kadzo peke yake ndiye aliyekimbia kumwita baba.

Baba alikuja na kisu cha nyama. Hakuvua viatu. Alipita kando yangu kama anayepita gogo, akamsemesha farasi polepole, akakata kamba, akamtoa. Wale wengine walipoona mguu wa mbele unachuruzika damu, umechanwa na magamba makali ya chaza walioganda kwenye mizizi, ndipo simu ziliposhuka. Mimi nilitolewa baadaye, nikafungwa leso ya Kadzo kiunoni, na hakuna aliyecheka tena, afadhali wangecheka.

Baba akampigia kafili pale pale, simu ikiwa chini kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika kile kidonda. Kiarabu changu ni cha shule, lakini kilinitosha. Mzee aliuliza nani alimfunga farasi majini. Baba akajibu, "Mimi."

Nilitafuta utani wowote ule kichwani, nikaukosa. Nikapiga magoti kando ya ile simu nikasema, "Si yeye, mzee. Ni mimi, mwanawe."

Mzee akauliza kama Ghazala anatembea. Anatembea, baba akasema. Basi mrudishe nyumbani, akasema, na simu ikakatika.

Ghazala amepona, ana kovu tu. Kazi ya udereva baba anayo bado. Ila banda amepewa mtu mwingine kulitunza, na mzee hakueleza, wala baba hakuuliza. Nimeapa kwamba nikitaka sifa nitazitafuta kwa ngozi yangu mwenyewe, si kwa kitu ambacho mtu mwingine ameaminiwa nacho. Baba hajanigombeza hata siku moja. Jioni, akishaegesha gari, bado huenda kuwasalimu farasi. Siku hizi hupiga hodi kwanza.