Waya Niliyoirefusha Siku ya Nikahi ya Salma

Kosa ni langu, ndugu msomaji, na usinitafutie mwenzangu wa kulibeba. Nililifanya peke yangu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote pamoja na digrii. Labda hiyo digrii ndiyo iliyozidi.

Mwaka jana nilirudi Lamu kutoka chuo kikuu huko Nairobi, nikiwa nimesomea umeme. Watu wa mtaa wetu wa Mkomani wakaanza kuniita Bwana Digrii, nami kwa unyenyekevu mkubwa nikawa naitika kila mara.

Jirani yetu Salma akaposwa. Amelelewa na nyanya yake, Bi Rehema, tangu mama yake alipofariki akimzaa. Bi Rehema hawezi tena kushuka ngazi kwa ajili ya magoti. Na nikahi, kama mjuavyo, hufungwa msikitini mbele ya wanaume. Wanawake hukaa nyumbani wakimngoja mtu aje mbio kuwaambia imekwisha fungwa, ndipo wapige vigelegele.

Bi Rehema alikuwa amechoka na habari za kuletewa. Safari hii alitaka kumsikia bwana harusi kwa masikio yake mwenyewe akisema amekubali, na kigelegele cha kwanza kiwe chake. Akanitumia salamu kwamba mimi niliyesoma hakika sitashindwa na jambo dogo kama hilo.

Ningekataaje? Bwana Digrii mzima!

Nikaazima kipaza sauti cha betri. Maikrofoni nikaiweka msikitini, spika moja juu kwa Bi Rehema, vichochoro viwili kutoka hapo, na nyingine kwa mama wa bwana harusi, mwisho kabisa wa mtaa, maana kuwapa hawa na kuwanyima wale ingekuwa vita. Asubuhi nikajaribu. Sauti ikafika kote, safi. Bi Rehema akatuma mtu aniambie nisipige kelele, yeye si kiziwi.

Mtu mwenye akili ya kawaida angekwenda kuoga.

Mimi nikakaa nikafikiri. Waya ya kwa Bi Rehema ni fupi, ya kule ni ndefu. Darasani tulifundishwa kwamba ishara ya umeme, pamoja na mbio zake zote, huchukua muda kupita kwenye waya. Ndani ya zile mashine kubwa za kukokotoa, yaani kompyuta, waya moja ikizidi nyingine kwa shibiri tu, ishara moja huwahi, nyingine huchelewa, na jawabu lote huharibika. Ndiyo sababu mafundi wake huzikata waya kwa urefu mmoja.

Basi nikajiuliza: je, nyumba moja ikisikia "nimekubali" kabla ya nyingine? Ukoo mmoja ukija kudai kwamba vigelegele vyao ndivyo vilivyotangulia? Haki itakuwa wapi!

Naam. Niliigeuza harusi ya watu kuwa mashine ya kukokotoa.

Wenzangu walipokuwa wakila pilau, mimi nilikuwa nyuma ya msikiti nikiongeza waya ya Bi Rehema ili ilingane na ile ndefu. Waya nzuri ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nikafungua transfoma mbovu nikatoa waya nyembamba kama unywele, nikaiunga, nikaikunja mabunda mabunda. Nilisahau jambo moja tu, nalo nilifundishwa mwaka wa kwanza: waya nyembamba ikiwa ndefu hunyonya nguvu yote njiani, na spika haipati kitu.

Kupanda juu kwa Bi Rehema kujaribu tena sikuweza, nyumba ilikwisha jaa wanawake. Ningeweza kutuma mtu aulize. Lakini niulize nini, nami nina hakika? Badala yake nikamwendea baba wa Salma, aliyekuja kumwozesha, nikamwambia asijisumbue kumweka mtu wa kukimbia, hayo ni mambo ya zamani.

Baada ya Alasiri nikahi ikafungwa. Vigelegele vikalipuka kwa mbali, kwao bwana harusi. Kwa Bi Rehema, kimya. Nikajiambia wamezidiwa na furaha. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba Bi Rehema alivisikia vile vya mbali, akawaambia wenzake kuwa watu wale hupenda makelele hata kabla ya jambo.

Halua ikaliwa. Bwana harusi akapelekwa kwa kasida hadi mlangoni kwa Bi Rehema. Nyumba ilikuwa kimya kama ya msiba, hata ami yake akauliza kwa sauti kama msichana amelazimishwa.

Bi Rehema akafungua dirisha. "Mbona mwaja mapema? Sisi twangoja nikahi."

"Nikahi imepita, Bi," wakajibu waliokuwa chini. "Hata halua tumekula."

Dirisha likafungwa. Hakuna aliyepiga kigelegele. Salma aliingia katika ndoa yake huku watu wakielezana yaliyotokea, na yule ami hadi leo husema walipokewa kwa uso mkavu.

Kesho yake Bi Rehema aliniita. Nikamweleza habari za ishara na waya, na mbio za umeme. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huo wakati uliouogopa, ni kama kupepesa mato?"

"Ni mchache zaidi, Bi. Mchache mno."

"Kuna mtu angeujua?"

"Hakuna. Hata mimi nisingeujua."

"Basi, mwanangu, ulikuwa ukimwogopa nani?"

Nikashuka ngazi, nikaenda kuzikunja waya zangu.

Siku hizi, nikahi ikifungwa Mkomani, anayetumwa kukimbia ni mimi. Wamekubaliana mtaa mzima, bila kuniuliza. Digrii kichwani, viatu mkononi. Nikipita chini ya dirisha la Bi Rehema hulifungua, akawapigia vigelegele mabinti wa watu. Cha Salma hajakipiga.

Nawe uliyetoka chuoni juzi, ukikiona kitu kinafanya kazi na mikono inakuwasha, nenda ukaoge. Ukishindwa, ukakigusa, basi tuma mtu juu akaulize kama bado wanasikia.