Fimbo ya marehemu baba niliyokataa kuikata, na mkono wa Fundi Rajabu

Wakuu, kwa umri wangu nyinyi ndio wa kunipa shikamoo, ila humu nimejiunga juzi tu, basi naanza mimi: hamjambo?

Kisa hiki sina sababu ya kukitia chumvi. Kinanivua nguo mimi mwenyewe.

Ni enzi za Mwingereza. Nilikuwa karani Bukoba, kando ya Ziwa Victoria, nimepanga mtaa wa Nshambya, kijana wa Kishanda, upande wa Muleba, niliyejiona nimefika. Bosi wangu mzungu alipohamishwa akaniachia mashua yake ndogo ya tanga. Ndogo kweli, ya watu wawili. Upepo ukikaza lazima ukae ukingoni ili isilale.

Sasa ukikaa ukingoni, mkono wa usukani huufikii. Ndiyo maana wenzetu wanaweka tiller extension, yaani fimbo inayofungwa kwenye ncha ya ule mkono ili uendeshe ukiwa mbali. Ya bosi ilikuwa imevunjika.

Nikamwendea Fundi Rajabu, seremala wa mitumbwi pale mjini, mtu mwenye asili ya pwani. Akanielekeza vizuri tu: iwe nyepesi, inyooke, na ukikaa ukingoni ncha ikufikie kifuani, basi. Ikizidi hapo, siku ya kugeuza utajuta.

Mimi nikamletea fimbo ya baba.

Wasio Wahaya nivumilieni kidogo. Baba alikuwa amefariki mwaka ule, na mimi ndiye niliyewekwa kuwa omusika, mrithi wake. Fimbo yake nilikabidhiwa mbele ya ukoo. Hiyo huitembezi ovyo, sembuse kuitia msumeno. Lakini ilikuwa imenyooka, nami (ujana bwana!) nilitaka baba zangu wadogo waone imenifikisha nyumbani kwa njia ya maji.

Rajabu akaipima.

"Karani, imezidi shubiri mbili. Tuikate."

"Fundi, hii ni enkoni ya tata, fimbo ya baba. Haikatwi."

"Basi kaiweke ndani, nikuchongee nyingine. Kesho iko tayari."

Nikakataa. Akaifunga kwa ukanda wa ngozi huku akitikisa kichwa, na kwa wema wake akasema atanisindikiza safari ya kwanza, mpaka upande wa Muleba.

Mwanzo ilikuwa raha tupu. Nilikaa ukingoni nimeshika fimbo ya baba, kichwa kimevimba.

Tulipopita Kemondo upepo ukabadilika. Nikasukuma usukani tugeuke, ncha ya fimbo ikakwama kwenye ubavu wa mashua. Shubiri zile mbili, wakuu. Rajabu akanyoosha mkono kuikwamua, boriti ya tanga, ule mti wa chini unaolishika, ikaja kwa nguvu ikampiga juu ya kiwiko. Nikasikia mfupa ukivunjika. Mara mashua ikapinduka, wote majini.

Ninachokuja kukiri hapa ni hiki. Ukanda ulikatika, fimbo ikawa inaelea upande huu. Rajabu alikuwa upande ule, anapiga maji kwa mkono mmoja.

Nikaogelea kwenye fimbo.

Sikufikiri hata kidogo. Nilipokwisha kuishika ndipo nikamgeukia, nikakuta ananitazama. Wavuvi waliokuwa karibu walimfikia kabla yangu.

Mkono ulipona umepinda. Randa hakuishika tena. Aliishia kulima migomba ya shemeji yake kule Kitendaguro, yeye ambaye jembe hakulizoea maishani.

Nilikwenda kumwomba radhi mara nyingi. Kila mara alinikaribisha, tukala, akaniuliza hali ya mama. Habari ya fimbo hakuigusa. Siku moja tu, niliposhindwa kujizuia nikalia mbele yake, akasema taratibu:

"Karani, baba yako angekuwepo, msumeno angeushika yeye mwenyewe."

Wakuu, somo langu ni fupi. Anayeshika usukani asichague kifaa kwa heshima, achague kwa kipimo, na fundi akisema kata, kata. Hayo ya mashua. Ya moyoni bado yananisumbua, na Rajabu hayupo tena wa kumwomba radhi.

Kuna mwenzangu humu aliyewahi kukimbilia kitu akamwacha mtu? Uliishije baada ya hapo? Nasoma comments zote, hata za matusi.